Helikopta ndogo ya rimoti Mwanza: itulize kwanza, vifaa vipya baadaye

Maelekezo yanayokuja na helikopta ya rimoti yameandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa huo. Mchana wa nyuzi 28, mita moja ya ujazo ya hewa ya Mwanza ina uzito wa kilo 1.02 hivi, wakati watengenezaji hupigia hesabu kilo 1.225. Yaani mapanga yanakamata hewa iliyopungua kwa asilimia 16 na ushee. Ndiyo maana helikopta iliyokuwa inaruka vizuri Dar es Salaam ikifika huku inapanda kwa shida, mkia unateleza ukiongeza nguvu ghafla, na mwenyewe anakimbilia kuagiza mota kubwa. Mara nyingi mota haina kosa lolote. Kinachotakiwa ni fremu isiyotetemeka, pembe za mapanga zilizopimwa, na jino moja la gia.

Namba zilizomo humu ni za daraja la 450: mapanga makuu ya mm 325, betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli 3 yenye mAh 2,200, mota ya kV 3,500 (mizunguko kwa dakika kwa kila volti, siyo kilovolti), gia kuu ya meno 150 na mkia unaozungushwa kwa mkanda. Hilo ndilo daraja lenye vipuri vingi na vya bei nafuu. Za chini yake zinafuata utaratibu huohuo, ila kila kosa linaonekana mapema zaidi kwa sababu ni nyepesi.

Fungua yote, funga upya

Helikopta iliyofungwa kiwandani usiirushe kama ilivyo. Tafuta alenki za chuma kigumu za mm 1.5, 2 na 2.5. Hapa usibane pesa, maana alenki laini inakula kichwa cha skrubu, na skrubu ya mm 2 iliyolika kichwa inaweza kukugharimu kitovu kizima, kile kipande cha katikati kinachobeba mapanga. Toa skrubu moja moja, ifute mafuta ya kiwandani kwa spiriti, weka tone la gundi ya nati ya bluu ukubwa wa kichwa cha pini, kisha rudisha. Gundi hiyo ni ya chuma kwa chuma tu. Kwenye plastiki inaifanya ikauke na kupasuka bila kukuaga. Nyekundu usiitumie kabisa. Skrubu iliyogoma kutoka, gusisha ncha ya pasi ya lehemu ya moto kwenye kichwa chake kwa sekunde 15 ndipo ujaribu tena.

Ukiwa umefungua, toa shafti kuu na ile shafti ndogo inayopita ndani ya kitovu kuunganisha vishikio viwili vya mapanga. Chukua kipande cha kioo cha dirisha, kilaze mezani, uviringishe kila shafti juu yake huku umeinamisha macho sawa na kioo. Shafti iliyonyooka inaviringika kimya, na mwanga unaopita chini yake haubadiliki. Iliyopinda inacheza: mwanga unafunguka na kufunga kila inapozunguka. Usihangaike kuinyoosha kwa nyundo wala jiliwa. Weka mpya. Shafti ndogo ya kitovu hupinda karibu kila mapanga yanapogonga chini, kwa hiyo nunua tatu kwa mpigo.

Ndani ya kila kishikio cha panga kuna beringi za kawaida na moja ya kubeba mvuto: pete mbili zenye goroli katikati. Hii ndiyo beringi inayokosewa kuliko zote. Pete mbili zile zinafanana kwa macho, lakini matundu yake hayalingani. Zivalishe kwenye shafti moja baada ya nyingine: moja inakaa barabara, nyingine inacheza kidogo. Yenye tundu kubwa inakaa upande wa ndani, kuelekea kitovu. Yenye tundu dogo inakaa nje, kuelekea skrubu ya mwisho. Paka grisi, usiweke mafuta mepesi. Ukizigeuza, kishikio kitageuka laini ukiwa umekishika mkononi, ila mapanga yakishapata kasi kinakuwa kizito, sevo, zile mota ndogo zinazosogeza viungo, zinahemewa, na helikopta inajibu kwa kuchelewa. Mtu atabadilisha sevo tatu bila kujua kosa liko kwenye pete ya mm 3.

Beringi nyingine zote zizungushe kwa kidole. Inayokwaruza au yenye mchezo itoe, soma namba kwenye kava lake (MR63ZZ, kwa mfano, ni tundu la mm 3, nje mm 6, unene mm 2.5), agiza kwa namba hiyo. Ni rahisi kuliko kununua seti ya "vipuri vya helikopta" yenye beringi zilezile.

Kisha gia. Legeza skrubu za mota, kata kipande chembamba cha karatasi ya fotokopi, kipitishe kati ya gia ndogo ya mota na gia kuu, bana gia zikutane, kaza skrubu, halafu zungusha karatasi itoke. Itoke na alama za meno bila kuchanika. Zungusha gia kuu mzunguko mzima kwa mkono. Gia za plastiki si duara kamili, kuna mahali zinabana. Pima karatasi pale panapobana zaidi. Ukipima palipolegea, pale pengine meno yatasagana na utasikia mlio kama wa cherehani, mota inachemka na betri inaisha kabla ya wakati.

Mkanda wa mkia ukiubonyeza kwa alenki usogee kidogo bila kugusana na upande wa pili. Ukiukaza sana unakula nguvu na kuua beringi za mkia. Ukilegea unaruka meno wakati wa kupanda ghafla na pua inageuka yenyewe. Jambo jingine la mkanda ni umeme tuli. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, hewa ikikauka, mkanda ukisugua ndani ya bomba unajaza umeme, nao unarukia kwenye jairo, kifaa kinachohisi mzunguko na kuutuliza mkia, au risiva, kinachopokea mawimbi ya rimoti. Dalili yake ni mkia kustuka mara moja moja bila mpangilio. Dawa yake ni waya mwembamba kutoka kwenye bomba la mkia hadi kwenye ganda la mota. Kwangua rangi pale waya unapogusa, la sivyo haufanyi kazi.

Mapanga: gramu 0.1 ni nyingi

Fanya hesabu hii ukiwa umekaa. Kichwa, yaani kitovu na mapanga makuu, kikizunguka mara 2,500 kwa dakika, panga la gramu 25 linavuta kishikio chake kwa nguvu ya kilo 35 hivi. Panga moja likizidi mwenzake gramu 0.1 tu, tofauti hiyo inakuwa mvuto wa gramu 140 unaotikisa fremu zaidi ya mara 40 kila sekunde. Jairo inasoma mtikisiko huo kama mwendo wa kweli na kuanza kupambana nao. Nusu ya matatizo ambayo watu huyaita "jairo mbovu" yako hapa.

Mizani ya jikoni haitoshi. Mizani ya sonara inasoma gramu 0.01, na kwa sonara yeyote mjini unapima mapanga mawili kwa dakika tano. Ila usianze na uzito, anza na mahali uzito ulipo. Laza panga juu ya penseli ya pembe sita, lisogeze mpaka libaki mlalo bila kuanguka, weka alama ya kalamu pale penseli ilipo. Fanya hivyo kwa la pili. Yalaze mapanga sambamba. Alama zikitofautiana, lile ambalo alama yake iko karibu na kitovu libandike selotepu kwenye ncha, ukiongeza vipande vidogo vidogo mpaka alama zilingane. Hapo ndipo upime uzito wote. Lililo jepesi lizungushie selotepu palepale kwenye alama yake, ili mahali pa uzito pasibadilike, mpaka mizani isome sawa.

Mwisho yafunge mawili kwa bolti moja kama mbawa, ning'iniza bolti juu ya glasi mbili, uangalie. Likiegemea upande mmoja kidogo, milimita kumi za selotepu zinatosha. Wengine hufanya hatua hii peke yake. Inasawazisha, lakini mapanga yenye uzito sawa na vitovu tofauti vya uzito yataruka kwenye njia mbili hewani.

Mapanga ya mkia pia yapimwe. Mkia unazunguka zaidi ya mara nne ya kichwa, yaani mizunguko zaidi ya 10,000 kwa dakika. Hapo hata uchafu uliokauka kwenye panga moja unasikika.

Skrubu za mapanga zisikazwe mpaka mwisho. Geuza helikopta ubavu: mapanga yabaki yamenyooka yenyewe, lakini ukitikisa kidogo yaanguke. Yakikazwa sana, yakianza kuzunguka moja linabaki nyuma ya mwenzake na fremu inacheza chini kabla haijaruka.

Sevo, swoshpleti na pembe

Toa gia ndogo ya mota isiguse gia kuu, au chomoa nyaya mbili kati ya tatu za mota, ndipo uwashe umeme. Kazi yote ya kupima ufanyie hivyo. Ncha ya panga ikiwa kwenye kasi inakwenda karibu kilomita 350 kwa saa, na rimoti mezani inaguswa hata na mtoto.

Weka kijiti cha rimoti katikati kabisa. Mkono wa kila sevo usimame nyuzi 90 na kiungo chake. Mkono una meno ya ndani na hautakaa sawa mara ya kwanza: utoe, ugeuze jino moja, jaribu tena, kisha malizia tofauti iliyobaki kwa trimu ndogo ya rimoti. Usianze na trimu kabla hujachagua jino. Ukishazisawazisha sevo zote tatu za kichwa, swoshpleti, ile sahani inayopanda na kuinama chini ya kitovu, inatakiwa ikae mlalo kamili. Kama haiko mlalo, zungusha viungo vya goroli nusu mzunguko nusu mzunguko, bila kugusa rimoti.

Kipimo cha pembe kinauzwa bei ndogo, lakini kipimapembe cha mkebe wa hisabati wa mwanafunzi kikifungwa kwenye kibao kilichochongwa kukaa juu ya panga kinasoma vizuri mpaka nusu nyuzi. Kijiti katikati, pembe iwe 0. Kijiti juu kabisa, nyuzi 11. Chini kabisa, kasoro 11, yaani hasi. Hiyo ndiyo nafasi ya mitambo. Kwa anayejifunza kusimamisha helikopta hewani, punguza kwa mkunjo wa rimoti, yaani mpangilio unaoamua kila nafasi ya kijiti itoe pembe gani: chini kasoro 3, katikati 5, juu 10. Kwa hewa ya huku tunaongeza nyuzi nusu katikati, isizidi hapo. Ukijaza upungufu wa hewa kwa pembe peke yake, mapanga yanakuwa mazito, mota inazidiwa, kasi inashuka, mkia unakosa nguvu, na unarudi ulikoanzia.

Kisha mapanga yafuate njia moja. Bandika selotepu nyekundu kwenye ncha ya panga moja, inua helikopta usawa wa macho ukiwa mita 10 mbali, uangalie ukingo wa duara. Mistari miwili ikionekana, tua, zima, na punguza pembe ya lile la juu kwa nusu mzunguko wa kiungo. Rudia mpaka mistari iwe mmoja.

Jino moja la gia

Kasi ya kichwa inapigwa hivi: kV ya mota mara volti za betri, mara 0.85 kwa nguvu inayopotea, mara meno ya gia ndogo, gawa kwa meno ya gia kuu. Gia ndogo ya meno 11 inatoa 3,500 × 11.1 × 0.85 × 11 ÷ 150, sawa na mizunguko 2,420 hivi kwa dakika throto, yaani nguvu inayopewa mota, ikiwa wazi yote.

Nguvu ya kuinua inakwenda na uzito wa hewa mara kasi ya pili, yaani kasi ikizidishwa kwa yenyewe. Hewa ikipungua kwa asilimia 16.5, kasi inatakiwa kupanda kwa asilimia 9 hivi ili upate mnyanyuo uleule. Kutoka meno 11 kwenda 12 ni asilimia 9.1. Kichwa kinafika 2,640. Bahati njema ya hesabu, na ndiyo mabadiliko yenye faida kubwa kuliko yote kwa helikopta inayoishi kando ya ziwa hili. Kwa kuwa mkia unavutwa na gia hiyohiyo, nao unarudishiwa nguvu yake.

Kabla ya kununua gia, angalia mkunjo wa throto. Kama sasa unaruka kwenye asilimia 70, pandisha hadi 77 kwanza. ESC, kifaa kinachogawa umeme kwenye mota, hupata joto zaidi throto ikiwa nusu kuliko ikiwa karibu wazi, kwa hiyo kupandisha kunaisaidia. Ukiwa tayari uko 90 na bado inapanda kwa uvivu, ndipo uweke meno 12. Gia kuu ya zamani iliyolika kidogo isipewe gia mpya. Badilisha zote mbili, halafu rudia kipimo cha karatasi.

Gharama yake: mota itavuta nguvu zaidi kwa asilimia 9 kuliko vile mtengenezaji alivyokusudia, na hewa nyepesi inapoza vibaya. Tua baada ya dakika 3, gusa mota. Kidole kikivumilia sekunde 3, sawa. Kikikataa mara moja, punguza pembe ya juu kwa nyuzi 1 au angalia kama gia zinabana. Meno 13 tumeona yakisifiwa sana. Kwa ESC ya ampea 35 na joto la Oktoba ni kutafuta moshi.

Kuhakiki kasi huhitaji kifaa cha pekee. Programu ya simu inayochora masafa ya sauti inatosha. Mapanga mawili yakizunguka mara 2,640 kwa dakika yanatoa sauti ya hezi 88. Kwa 2,420 ni hezi 81. Weka simu chini, simamisha helikopta hewani mita 5 kutoka hapo, tafuta mlima wa chini ulio mrefu kwenye mchoro.

Mkia unaotikisika

Kwanza hakikisha jairo inapingana na mwendo, haiuongezei. Shika helikopta, geuza pua kushoto kwa mkono ukiangalia kiungo cha mkia: lazima kisogee upande uleule kinaposogea ukisukuma rimoti kulia. Ikiwa kinyume, geuza swichi ya jairo. Helikopta yenye jairo iliyogeuzwa ikiacha ardhi inazunguka kama pia, na haizuiliki.

Kisha weka jairo kwenye hali ya kawaida, isiyoshika uelekeo, urushe usawa wa goti. Pua ikienda pembeni, tua na urefushe au ufupishe kiungo cha mkia mpaka ikae yenyewe. Hapo ndipo uhamie hali ya kushika uelekeo. Wanaoruka hatua hii huifanya jairo ibebe mzigo wa kiungo kibaya muda wote, na mkia unateleza kila upepo ukibadilika.

Kutikisika kuna sura mbili. Kule kwa haraka, kama mkia wa mbwa aliyefurahi, ni hisia ya jairo iliyozidi: shusha kwa asilimia 5, jaribu, shusha tena. Ukifika 30 na bado inatikisika, kiungo kiko mbali mno kwenye mkono wa sevo. Sogeza ndani tundu moja. Kule kwa polepole, kwenda na kurudi kwa uzito, ni mitambo: kitelezi cha mkia, kipande kinachoteleza kwenye shafti ya mkia kubadilisha pembe ya mapanga yake, kinashika, kiungo cha goroli kimelegea, au mkanda. Toa kiungo kwenye sevo, sukuma kitelezi kwa kidole. Kiende na kurudi kwa uzito wake bila kusita. Kando ya ziwa kuna siku wadudu wadogo wanapanda juu kama moshi, na wakinasa kwenye grisi ya mkia wanatengeneza uji unaokausha kila kitu. Futa kwa spiriti, kisha tone la mafuta mepesi, siyo grisi.

Utepe wa sponji unaoshika jairo hulainika kwa jua. Ubadilishe kila ukiona jairo inasogea ukiisukuma kwa kidole.

Nini ununue, kwa mpangilio gani

Sevo ya mkia kwanza. Yenye kasi ya sekunde 0.08 au pungufu kwa nyuzi 60. Hakuna jairo inayoweza kuokoa sevo nzembe. Lakini soma karatasi yake kabla ya kuchomeka: sevo za analogi zinataka jairo iwekwe kwenye hezi 50 hadi 70, za dijitali huvumilia 333, na baadhi za mkia hutumia mpigo wa maikrosekunde 760 badala ya 1,520. Sevo ya analogi ikipewa hezi 333 inapata moto ndani ya dakika chache na kuungua ikiwa imekaa mezani.

Pili, mapanga ya kaboni badala ya mbao au plastiki. Tatu, kuondoa flaiba, ile fito yenye vibao inayopita juu ya mapanga, na kuweka jairo ya mihimili mitatu. Kichwa kinakuwa na viungo vichache, buruto la hewa linapungua, na dakika za kuruka zinaongezeka kidogo. Jairo hiyo inazifanyisha sevo kazi bila kupumzika, kwa hiyo kile kisehemu cha ESC kinacholisha risiva volti 5 kiweze kutoa ampea 3 au zaidi. Kikishindwa, risiva inazima nusu sekunde na helikopta inaanguka ikiwa na betri iliyojaa. Kapasita ya maikrofaradi 3,300 ya volti 10 kwenye tundu tupu la risiva inasaidia kwa mshtuko mfupi, na fundi simu yeyote atakulehemia. Angalia upande wa hasi: ikigeuzwa inapasuka.

Vichwa vya alumini vinavyong'aa vina bei kubwa, vinaongeza uzito, na helikopta ikianguka haviumii vyenyewe: vinapeleka pigo kwenye shafti, gia na sevo. Plastiki ngumu iliyofungwa vizuri inakufaa mpaka uanze kugeuza helikopta kichwa chini. Hapo vishikio vya mapanga ndivyo vya kuanza navyo.

Na kitu cha bei ya chini kuliko vyote: fito mbili za matete za sentimita 70, zikifungwa msalaba chini ya miguu ya helikopta, na mpira wa pimpong kila ncha. Matete ni mepesi, yanapinda kabla ya kuvunjika, na ziwani hayaishi. Yanazuia helikopta kulala ubavu wakati wa kujifunza kutua.

Betri

Chaji kwa ampea 2.2, mpaka volti 4.20 kwa kila seli, ukitumia waya mdogo wa kusawazisha kila mara. Kutembea nayo, chaja ya kuingiza volti 12 inakula betri ya gari, au ile ya taa za dagaa ambayo kila mwalo unayo. Usimalize zaidi ya asilimia 80, yaani mAh 1,760. Weka saa ya rimoti dakika 5, ukirudi uangalie chaja imerudisha mAh ngapi. Imerudisha 1,500, ongeza sekunde 40. Imerudisha 1,900, punguza. Ukishabadilisha gia, rudia kipimo hiki, maana dakika za zamani si zako tena.

Isiyotumika kwa siku mbili iwekwe volti 3.85 kwa seli, mahali penye kivuli. Ndani ya gari lililoegeshwa juani inavimba. Iliyovimba usiichaji: iunganishe na balbu ya pikipiki ya volti 12 na wati 21 nje ya nyumba, juu ya mchanga, mpaka balbu izime kabisa na ibaki hivyo siku nzima, ndipo ukate plagi. Ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu kila unapochaji.

Kurushia hapa

Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na kwenye vilima vya mawe kama Capri Point unapasuka na kuzunguka nyuma ya miamba; helikopta ndogo ikiingia hapo inashuka bila kuambiwa. Muda mzuri ni saa 12:30 hadi saa 2:30 asubuhi. Kumbuka kwamba alfajiri upepo mdogo uliopo hugeuka, unatoka nchi kavu kwenda majini. Ukirushia ufukweni muda huo, simama wewe upande wa maji ili kosa lolote lililo mbele yako liwe juu ya nchi kavu, na kabla ya kuruka jaribu kuzima rimoti ukiwa umefungua gia: mota lazima isimame yenyewe. Tazama juu pia. Mwewe wa mialoni hawaogopi kitu kinachozunguka.

Upande wa Ilemela karibu na uwanja wa ndege usiguse kabisa. Vyombo vinavyoruka bila rubani viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na kibali kinaulizwa kwao kabla, siyo baada ya kukamatwa.

Ikitumbukia, usiwashe chochote. Chomoa betri na uitenge mbali na watu, maana lipo iliyolowa inaweza kuwaka saa kadhaa baadaye. Maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo mota na sevo nyingi hupona: suuza matope kwa maji safi, fungua vifuniko vya sevo, zikaushe kivulini kwenye feni kwa siku mbili. Beringi zote zitolewe, ziloweshwe kwenye spiriti, zikauke, na kila moja ipate tone jipya la mafuta, isipokuwa zile za kubeba mvuto, ambazo hupata grisi. Mkanda ukaushe na kuukagua meno. ESC ndiyo ya mwisho kuwashwa, gia ikiwa imefunguliwa, mkono ukiwa kwenye plagi.